Duara

Trambolini nimeiondoa Jumamosi,
skrubu moja moja; zilizoota kutu
nimezikata kwa msumeno wa chuma.
Miaka tisa ilisimama nyuma ya nyumba,
na ilipoondoka imeniachia upara:
duara la udongo, futi kumi na nne,
gumu kama mkate uliosahauliwa ovenini.

Maren yuko Minneapolis tangu Agosti.
Anasomea mambo ya maji. Alisema kwenye simu,
"Uza tu, Baba, nani ataruka?"
Nami nikasema kweli, nani ataruka,
mimi na goti langu hili la kubandikwa?

Nyasi hazidai kupendwa. Zinadai kuachwa ndefu.
Hilo nimelijua jua likiwa limeshazama:
kila kiangazi nilizinyoa kwa hasira, karibu na ngozi,
kama anyolewavyo mtoto mwenye chawa,
na kila Julai zikaungua, magugu yakanicheka.
Sasa mashine nimeiinua, inchi tatu na nusu.
Kisu nimempelekea Lubbert akinoe,
maana kisu butu hakikati, kinararua,
na jani lililoraruka hupauka nchani
kama ulimi wa mgonjwa.
Vilivyokatwa siviokoti tena.
Vilale pale pale, viwalishe waliobaki.

Jumapili nimelichoma duara kwa uma wa bustani.
Choma, tikisa, chomoa.
Choma, tikisa, chomoa.
Katikati hapakuwahi kukanyagwa na mtu,
palifunikwa tu; kumbe na kivuli kina uzito.
Ila kushoto, penye ngazi, pamegandamana kama lami,
uma unapinda, mimi natukana Kijerumani cha babu yangu,
na meno yake yakaibuka na soksi.
Ndogo. Ya mistari.
Tulimsingizia mbwa soksi hiyo mwaka mzima.

Mai Yer Xiong akaegemea uzio wetu.
Kwake ni klova tupu na nyuki,
na matuta ya mboga mpaka kwenye ngazi za mlango.
Akatazama nyasi zangu, mbele, nyuma, hadi barabarani.
"Nyingi kweli," akasema. "Na ng'ombe wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuchukua mbegu.

Nusu nikazimwaga nikitembea kwenda kaskazini,
nusu nikielekea ziwani, ili zikutane njiani.
Juu yake mboji, nyembamba, kama sukari juu ya keki.
Wiki mbili za mwanzo ni maji kidogo, asubuhi na jioni,
mbegu isikauke hata saa moja.
Zikishachipua, unabadilika, unakuwa mchoyo:
mara moja kwa wiki, alfajiri, maji mengi yazame,
halafu unafunga bomba na unakaa ndani.
Mizizi inayonyweshwa kila saa haina sababu ya kushuka.

Maren alikuwa akipiga simu kila usiku.
Siku hizi ni Jumapili.

Oktoba. Umande umeanza kuwa mgumu kabla ya jua.
Nilitaka pale pasijulikane, pafanane na pengine,
lakini nyasi changa zina kijani chao wenyewe,
na kutoka dirisha la ghorofani
duara linaonekana kuliko lilipokuwa upara,
kama mtu amelichora kwa kalamu akakoleza.
"Sasa umejua pa kumfunga," Mai Yer akasema.

Nikapiga picha, nikamtumia Maren.
Alikaa kimya muda wa mhadhara mzima.
Kisha: "Kushoto bado hapajaota."

Nikavaa viatu, nikashuka kutazama.
Kweli. Kiraka cha kutosha miguu miwili,
pale alipokuwa akitua kila jioni
akiitwa chakula, akijifanya hasikii.

Uma upo gereji. Mbegu zimebaki konzi mbili.
Kesho nitapachoma tena.
Au kesho kutwa.